Handaki la Mwenzangu

Nilivuliwa tepe zangu mbili za ukoplo kwa kosa la kuingia kwenye handaki la mwenzangu na sururu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi, na sitaki mtu yeyote anipunguzie hata neno moja. Niliingia. Nilikuwa na akili zangu zote, jua lilikuwa utosini, na hakuna aliyenisukuma. Nikiulizwa kama najuta, najuta jambo moja tu, na si lile ambalo meja alitaka nijutie.

Mambo haya yamenirudia mwaka huu kwa sababu ya mtaro mwingine, huu wa hapa nyumbani karibu na soko la Tulia, kwenye shamba la mteremko aliloniachia mama yangu. Ni mtaro wa fanya juu, ule ambao unachimba na kurusha udongo upande wa juu ili upate ukingo wa kuzuia maji. Mama na wenzake waliuchimba nikiwa bado msichana wa shule. Mvua za mwaka jana ziliupasua katikati, na udongo mzuri ukaanza kuteremka kwenda mtoni. Mwezi wa Septemba kaka yangu mkubwa, ambaye ana duka la misumari na mabati kule Migwani, alikuja akasimama juu ya ufa ule na mikono kiunoni.

"Hii shamba imekushinda," akasema. "Mvua ya Novemba ikipata huu mtaro uko wazi, mimi naipatia jirani alishe ng'ombe. Wewe kuja ukae town, hiyo goti yako ipone."

"Shamba ni ya mama na mimi niko," nikamjibu. "Sogea, unakanyaga udongo yenye mama alichimba."

Alisogea, lakini alicheka, na kicheko chake kiliniuma kuliko goti. Nilianza kuchimba kesho yake, peke yangu. Mtu anayetaka kujua kwa nini sikumwita hata jirani mmoja itabidi anifuate kwanza jeshini.

Nilikuwa koplo, kiongozi wa seksheni ya watu kumi. Wawili walitoka Bungoma, mmoja Lamu, mmoja Turkana, na wengine huku na huku. Wanawake tulikuwa wawili. Tulikuwa kumi kwenye orodha tu. Jioni kila mtu alikula na mtu wa kwao, akiongea lugha ya kwao, na asubuhi tulijipanga mstari mmoja tukajifanya ndugu. Mimi mwenyewe nilikuwa na kosa hilo. Nilikuwa nikitafuta Mkamba yeyote wa seksheni nyingine ili tu nipate mtu wa kumtajia muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, akaelewa ninachokosa.

Tulipelekwa mazoezi ya wiki sita kwenye nyika ya Makueni, upande wa chini, mahali pa miiba, mawe na vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno. Luteni wetu alikuwa kijana msafi, wa aina ile inayopiga pasi hata kofia ya msituni. Alikuwa na imani yake juu ya umoja wa wanajeshi, na alitueleza siku ya kwanza bila aibu. Watu huungana, alisema, wakiogopa kitu kimoja. Kwa hiyo alituletea kitu cha kuogopa. Mwisho wa wiki ya tatu kila mtu angechimba handaki lake peke yake, urefu wa hatua sita, kina cha kifua. Atakayekuwa wa mwisho angetolewa kwenye seksheni na kupelekwa kulinda stoo kambi nyingine.

Ilikuwa akili mbovu, na bado nasema hivyo. Tangu siku hiyo watu walianza kufichana. Mmoja alipojua mahali penye udongo laini, alinyamaza. Mwingine alilala na sururu yake chini ya blanketi ili isibadilishwe na ile yenye mpini uliolegea. Luteni aliona watu wanakimbia haraka zaidi asubuhi, akadhani umoja unakuja.

Katika seksheni yetu kulikuwa na mwanamume mmoja aliyezaliwa Kibwezi. Wazazi wake walitoka mkoa wa kati zamani, wakafungua duka kwenye barabara ya Mombasa na kulima vitunguu kwa maji ya mfereji. Alikuwa Mkristo wa kusali kabla ya kunywa chai ya mkebe, mtulivu, na hakuna aliyemzidi kwa shabaha. Lakini mikono yake ilikuwa ya mtu wa vitunguu. Tulipopiga kura za mahali pa kuchimba, akapata kipande ambacho chini yake kulikuwa na mwamba. Tulimsikia tangu saa ya kwanza. Sururu zetu zilikuwa zikisema puu, puu, na yake ilikuwa ikilia ka, ka, ka.

Nilimaliza langu nikiwa wa tatu. Niliketi ukingoni nikanywa maji, nikamtazama. Mmoja mmoja walimaliza. Mwanamke mwenzangu akamaliza. Alibaki yeye, shimo likimfika kiunoni tu, na bado hatua mbili za mwamba mbele yake. Luteni alikuwa amesimama na saa mkononi, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Hasira ilinipanda hadi masikioni.

Lazima nieleze nilichokuwa nikikiona, kwa sababu sikuwa nikimwona luteni peke yake. Nilikuwa nikimwona mama. Mama alikuwa kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha kina mama wanaolimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kila mmoja hupimiwa kipande chake cha mtaro kwa fimbo. Nilipokuwa mdogo niliwabebea maji, na nilichokipenda zaidi ni mwisho wa kazi. Waliomaliza hawakwenda kukaa kivulini. Walikwenda kwa yule aliyebaki nyuma, wakaanza upande wa pili wa kipande chake, wakachimba kumwelekea mpaka majembe yakakutana katikati. Hapo ndipo waliimba. Kwa mama, mtu kuketi huku mwenzake anachimba ni ushenzi, na yeye alikuwa na mkono mwepesi kwa mambo ya ushenzi.

Basi niliinuka. Sikuomba ruhusa kwa luteni wala kwa mtu. Nilirukia upande wa pili wa handaki la yule wa Kibwezi na kuanza kuvunja mwamba kumwelekea. Alinitazama mara moja, akainama tena. Aliyetoka Turkana akaja na koleo. Wawili wa Bungoma wakafuata. Tulikutana katikati wote tukiwa wekundu kwa vumbi, na mimi, mjinga, nilikuwa nimeanza kuimba.

"Koplo," luteni akasema, "nani amekuamuru?"

"Hakuna, afande."

"Basi tutaonana ofisini."

Nilipandishwa mbele ya meja Jumatatu asubuhi. Nilisimama mguu sawa nikasema nilichofikiri, kwamba seksheni inayomwacha mtu kwenye mwamba leo itamwacha kwenye risasi kesho. Nilijua watu wangu wangenisimamia. Kisha wakamwita yule wa Kibwezi awe shahidi.

"Uliomba msaada?" meja akamuuliza.

"La, afande."

"Uliuhitaji?"

Alikuwa akitazama ukuta, juu ya kichwa cha meja. "La, afande. Ningemaliza."

Nilihisi nimepigwa kofi na mtoto niliyembeba mgongoni. Tepe zangu zilitolewa siku hiyohiyo, na mwanamume wa Lamu akapewa seksheni. Meja, ambaye kusema haki hakuwa mtu mbaya, aliamua kwamba kipimo kimeharibika na hakuna atakayepelekwa stoo. Kwa hiyo yule niliyemwokoa alibaki, nami nikabaki chini ya koplo mpya, tukipishana njiani kuelekea kwenye matangi ya maji bila kusalimiana. Wiki nzima sikumtazama. Nilimwita msaliti moyoni, na mara moja nilimwita hivyo kwa mdomo, mbele ya watu.

Alinifuata mchana mmoja nikianua nguo kwenye waya.

"Afande," akasema. Sikuwa afande wake tena, lakini aliniita hivyo. "Mimi sikusema uongo kule ofisini. Niliapa kwa Biblia. Wewe hukuniuliza kitu. Uliingia tu, na wale wengine wakaingia, mkaniangalia kama kitu imeanguka kwa njia. Sasa kila mtu hapa anajua mimi ndio yule wa kubebwa."

"Ungepelekwa stoo!"

"Ningepelekwa na heshima yangu. Ama ningemaliza. Hatutajua sasa, si ndio?"

Nilimfukuza. Nilimwambia aende na Biblia yake. Siku hiyo nilimpigia mama simu, nikamsimulia yote kuanzia mwamba hadi ushahidi, nikingoja amlaani. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulielewa.

"Alilaza jembe?"

"Jembe gani, mama? Tulikuwa na sururu."

"Hiyo sururu, basi. Aliilaza?"

Nikamwambia alikuwa akichimba nayo, angeilazaje. Mama akaanza kucheka, kicheko chake cha kukohoa, akakaa nacho mpaka nikataka kukata simu.

"Mwana wakwa, ulitubebea maji miaka yote hiyo na hukuona kitu? Mtu akichoka analaza jembe juu ya mtaro, mpini upande huu, bapa upande ule. Hapo ndio tunaingia. Kama hajalaza, hata akilia, hatuingii. Tunangoja. Ukiingia kazi ya mtu kama hajalaza, hujamsaidia. Umemwambia hawezi."

"Na asipolaza kabisa?"

"Basi tunakaa hapo ukingoni na yeye mpaka jioni, na chakula inapoa. Lakini hatuendi."

Hilo ndilo jambo ninalojuta. Nilijuta hapohapo, nimesimama kwenye jua na simu iliyokatika mkononi. Nilikuwa nimeona majembe yakikutana, nikasikia wimbo, nikaondoka na nusu ya desturi ya mama nikidhani ni nzima. Luteni alitaka kila mtu afe na shimo lake. Mimi nilitaka kuingia mashimo ya watu wote. Wote wawili hatukuwa tumemuuliza mtu chochote.

Nilikwenda kwa yule wa Kibwezi wakati wa chakula, mbele ya watu walewale ambao nilimtukana mbele yao, nikamwomba radhi. Aibu ilinichoma uso kuliko jua la huko. Kisha nikawaeleza wote habari ya kulaza jembe. Mwanamume wa Lamu, koplo mpya, alitafuna polepole akasema ni jambo zuri, basi na iwe sheria ya seksheni. Aliyelaza sururu yake ataendewa na wote bila swali. Ambaye hajalaza ataachwa na kazi yake, lakini hakuna atakayeondoka ukingoni.

Wote tukakubali, na hakuna aliyelaza. Sisi ni wanajeshi. Mtu angeanguka na sururu mkononi kuliko kuilaza. Tulichimba, tukabeba magunia ya mchanga, tukavuta gari lililokwama, na tulikaa ukingoni tukingojana mpaka chai ikapoa mara nyingi. Lakini huko ukingoni ndiko tulikoanza kuongea. Huwezi kumsubiri mtu saa nzima umenyamaza. Nilijifunza kwamba yule wa Turkana ana mama kipofu, na kwamba mwanamke mwenzangu aliogopa sauti ya mizinga na hakuwahi kumwambia mtu.

Wiki ya sita luteni alirudia kipimo chake. Amri ileile na saa ileile, hatua sita, kila mtu peke yake. Na kura, kwa ukorofi wake, ikampa yule wa Kibwezi kipande kingine cha mawe. Tulimaliza, tukaja kukaa ukingoni mwa handaki lake, sote tisa. Luteni alituona akakunja uso, lakini kukaa si kosa. Yule wa Kibwezi alichimba mpaka damu ikaupaka mpini. Nilikuwa nimeikamata mikono yangu mwenyewe isije ikaruka tena.

Kisha akasimama wima, akapangusa uso kwa mkono, akaichukua sururu yake na kuilaza juu ya handaki, ukingo hadi ukingo. Aliilaza taratibu, jinsi mtu anavyoweka kikombe mezani.

Tuliingia wote tisa.

"Nani amewaita?" luteni akafoka.

"Mimi, afande," akasema yule wa Kibwezi, na safari hii alimtazama machoni. "Nimewaita mimi."

Luteni aliangalia saa yake, akatuangalia sisi kumi tuliojaa kwenye shimo moja, akafungua daftari na kulifunga. Angeweza kumwandikia chaji mtu mmoja. Kumi ilikuwa kazi. Alikwenda zake kwenye hema, na hakuna aliyepelekwa stoo. Tepe zangu hazikurudi siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na sikuziomba.

Baadaye tulipelekwa mahali ambapo sitapataja. Tulienda kumi tukarudi kumi. Sisemi ni kwa sababu ya sururu, maana nawafahamu watu wema walioungana vilevile na hawakurudi. Nasema tu kwamba huko niliona kila mmoja wetu akilaza chake, kwa siku yake na kwa njia yake, na niliona wengine wakimwendea. Kila mmoja isipokuwa mimi. Mimi niliyewaletea desturi hiyo kutoka kwa mama yangu sikulaza hata mara moja. Hata goti lilipovunjika niliporuka kutoka kwenye lori, nilitembea nalo siku mbili. Nilijiita mvumilivu. Niliendelea kujiita hivyo baada ya kustaafu, na baada ya kumzika mama.

Basi turudi kwenye mtaro. Seksheni yetu hukutana mara moja kwa mwaka nyumbani kwa mmoja wetu, na mwaka huu zamu ilikuwa yangu. Nilimpigia yule wa Kibwezi, ambaye siku hizi amestaafu na amerudi kwenye vitunguu vya baba yake, nikamwambia waahirishe, nina mafua. Oktoba ilikuwa inaisha. Nilikuwa nimebakiza hatua arobaini za mtaro, mawingu yameanza kujikusanya upande wa vilima, na goti lilikuwa limevimba hadi sikuweza kupiga magoti kanisani.

"Mafua," akasema kwenye simu, na ndiye niliyekuwa nimemsimulia mwaka jana jinsi mtaro ulivyopasuka. "Pole, afande."

Jumamosi asubuhi niliinua kichwa nikawaona kwenye mpaka wa shamba, penye mkonge. Walikuwa saba, wenye mvi, matumbo yameanza kuchomoza, kila mmoja na jembe au koleo begani. Wawili waliobaki walikuwa bado kazini, na wakatuma salamu. Mwanamke mwenzangu alikuwa na sufuria kichwani.

"Mmekuja kufanya nini?" nikapaza sauti.

"Kukaa," akajibu yule wa Kibwezi.

Na wakakaa. Walipanga mawe, wakawasha moto, wakaweka muthokoi. Walikuja mmoja mmoja mpaka ukingoni mwa mtaro, wakaketi miguu ikining'inia, wakaongea habari za watoto wao na bei ya mbolea kana kwamba sipo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Niliwakasirikia vibaya sana. Nilichimba saa nzima mbele yao, nikirusha udongo juu kwa nguvu ambazo sikuwa nazo, na udongo mwingine ulirudi usoni kwangu. Kila nilipokanyaga kwa mguu ule, macho yaliniuma kwa machozi, na niliapa moyoni kwamba nitafia humo kabla sijawapa raha hiyo. Yule wa Kibwezi alinitazama tu. Alikuwa na uso ninaoujua. Nadhani ndio uso niliokuwa nao mimi, siku ile ya wiki ya sita, nilipokuwa nimeikamata mikono yangu mwenyewe.

Ngurumo moja ilisikika mbali. Niliangalia hatua zilizobaki, nikahesabu, nikahesabu tena. Nilifikiria udongo wa mama ukipita chini ya ng'ombe wa jirani kwenda mtoni. Nilisimama. Nilishika jembe kwa mikono miwili na mikono haikutaka kulishusha. Nasema ukweli, kutembea na goti lililovunjika kulikuwa rahisi kuliko hilo. Nililaza jembe juu ya mtaro, mpini upande huu, bapa upande ule.

Waliingia wote saba upande wa mbali na kuanza kuchimba kunielekea.

Tulikuwa tumebakiza kama hatua kumi kati yetu niliposikia pikipiki. Kaka yangu alishuka, akavua kofia ya chuma, akatazama wageni wenye lugha sita wakirusha udongo kwenye shamba la mama yetu.

"Hawa ni kina nani?" akauliza kwa sauti. "Nani amewaita hapa?"

Nilinyoosha mgongo. "Mimi," nikasema. "Nimewaita mimi. Na wewe kama una koleo, simama hapo ukingoni ungoje mpaka nikuite."